Dirisha la Mwalimu Wabwile

Watu waliofundishwa na Mwalimu Wabwile utawajua kwa jambo moja. Ukiwauliza kitu, wananyamaza kwanza. Si kwamba jibu hawana. Wanalo, tena zuri, ila wanalipanga. Utamkuta karani dukani pale Kitale, umemuuliza bei ya sukari tu, bwana, naye anakukodolea macho kama aliyeulizwa siri za nyumbani kwake. Usimkasirikie. Muulize alisomea wapi, naye akishamaliza kupanga atakwambia: shule ya msingi iliyo njia ya kwenda mji mdogo wa Kwanza, kwa Mwalimu Wabwile.

Mwalimu huyo alifundisha Kiingereza darasa la saba, na baadaye la nane pia, kwa miaka ishirini na saba, na miaka hiyo yote sheria yake ilikuwa moja. Mwanafunzi asimame, aseme sentensi nzima, yenye kichwa na miguu. Akikosea, aende dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa la tatu kutoka mlangoni, halina kioo, na mwezi wa saba upepo wa Mlima Elgon uliingia pale kama uliotumwa. Ulisimama hapo, umewapa wenzako mgongo, mpaka mwingine akosee. Ukilisikia kosa lake, unarudi kuketi, naye anakuja kuchukua zamu yake ya baridi. Wacha wee! Hakuna darasa lililosikiliza Kiingereza kwa makini kama lile, maana aliyekuwa dirishani alikuwa anamwomba Mungu mwenzake ateleze. Na juu ya ubao Mwalimu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe maneno ya Kiingereza ambayo kwetu ni sawa na kusema: kimya hakina kosa.

Na walipita mitihani, tusiseme uongo. Wakaguzi walikuja kutoka mjini wakaondoka wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Wazazi wa kule, Wabukusu na Wakikuyu na Wasabaot waliochanganyika mashamba kwa mashamba, walimletea Mwalimu magunia ya mahindi ya kuchoma hata akakosa pa kuyaweka.

Alistaafu mwaka wa 2002, akarudi kwao Bungoma, upande wa Kanduyi, kwa mkewe Rispah ambaye kila mtu anamwita Mama Emmy kwa jina la binti yao wa kwanza. Hapo ndipo yalipoanza mateso. Mtu aliyezoea watoto hamsini wanaosimama akiingia, sasa alikuwa na kuku kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Aliikumbuka chaki. Aliikumbuka ile asubuhi ya Kitale, ukungu umelala juu ya mahindi, na kengele ya chuma cha gurudumu ikipigwa. Alinunua gazeti kila siku si kwa habari bali kwa makosa, akalisoma na kalamu nyekundu mkononi. Siku moja lililetwa tangazo la mazishi ya shemeji yake mwenyewe ili alisome kanisani. Akalirudisha kwa wafiwa likiwa limejaa wino mwekundu. Mama Emmy hakumsemesha siku mbili.

Basi Jumamosi moja ya Agosti, mwaka wa 2005, akaja mgeni. Mama Emmy ndiye aliyemwona kwanza langoni: mwanamke mrefu wa miaka ishirini na kitu, sweta ya bluu, amebeba mkate na sukari kwa mfuko, amesimama kama anaogopa mbwa ambaye hayuko. Mwalimu alivaa miwani, akatazama, na moyo wake ukaruka.

Alikuwa Wakonyo, binti wa Ngige, mkulima Mkikuyu wa kule kule njia ya Kwanza. Alimjua mara moja kwa sababu Wakonyo hakuwa mwanafunzi tu, alikuwa ushahidi. Mwalimu alikuwa na hadithi yake moja ambayo Mama Emmy angeweza kuisimulia akiwa usingizini: kwamba katika miaka ishirini na saba watoto wote walisimama dirishani, hata wa mkuu wa shule, isipokuwa mmoja. Binti wa Ngige. Miaka miwili mizima, hata siku moja. Kila darasa lililomfuata liliambiwa habari zake.

Wakonyo alimsalimia kwa mikono miwili, macho chini, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Sasa alikuwa muuguzi Kitale, katika wodi ya kina mama. Kulikuwa na hospitali Uingereza iliyokubali kumchukua, kazi pamoja na mafunzo ya kulea watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao. Hapo sauti yake ilipanda kidogo, kwa mara ya kwanza. Alisema amechoka kuwafunga watoto hao kwa pamba na chupa za maji moto, na kuwaombea. Alitaka kujua wenzetu wanafanya nini hata mtoto wa kilo moja akaishi. Lakini ili aende lazima apite mtihani wa Kiingereza, na alikuwa ameshaufanya mara moja. Akatoa karatasi ya matokeo, akaipeleka mezani kwa mikono miwili.

Mwalimu aliisoma kwa raha, kama mtu anayesoma barua ya sifa zake. Kusoma, alama nane. Kusikiliza, nane. Kuandika, saba na nusu. Akafika mstari wa mwisho, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kuongea, tano na nusu. Walitaka saba kila mahali.

Nafasi ilikuwa imeshikiliwa mpaka Desemba, Wakonyo alieleza. Mtihani wa pili ulikuwa Oktoba, huko Nairobi. Akianguka tena, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mafunzo hayo hayafunguliwi kila mwaka. Alikuwa amefikiria ni nani angeweza kumsaidia, akaona ni mmoja tu.

Mwalimu akasema aje kila Jumamosi, saa nne kamili. Alipoondoka, mzee alitembea uani akiimba. Mama Emmy alisema hajamwona hivyo tangu alipostaafu.

Sasa, Mwalimu alijua dawa moja tu, na dawa hiyo ilikuwa sarufi. Jumamosi mbili za kwanza alimchapa Wakonyo kwa nyakati na viunganishi mpaka chai ikapoa. Wakonyo aliandika kila kitu bila doa. Mzee akaanza kukasirika, si kwa Wakonyo, kwa lile kosa lililojificha. Kama yuko safi namna hii, hizo alama zililiwa na nani? Ndipo akapata wazo la kumrekodi, alisikilize kosa kwa utulivu na kalamu mkononi. Redio kaseti ilikuwepo. Kanda tupu haikuwepo, kwa hivyo akachukua moja kwenye kabati la mkewe, kwaya ya akina mama wa kanisa lao la Friends, akaifuta mwanzo bila kuuliza mtu.

Mtihani wenyewe ulikuwa na sehemu ambapo mtu anapewa jambo, anaambiwa aongee dakika mbili. Mwalimu alibonyeza redio, akampa jambo rahisi: eleza nyumba uliyokulia. Wakonyo alisema sentensi tatu. Kisha akanyamaza. Kanda ikazunguka. Nje jogoo akawika, akamaliza. Wakonyo alikuwa ametazama meza.

Walipoisikiliza, Mwalimu alikuwa ameinamisha kalamu tayari. Sentensi tatu, na zote hazikuwa na kosa hata la kutafuta kwa tochi. Baada ya hapo mvumo mtupu wa kanda, shhh, dakika nzima na zaidi, halafu ghafla kwaya ya akina mama ikalipuka katikati ya wimbo. Mama Emmy akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alitazama redio, akamtazama mumewe, akaelewa kila kitu.

"Ati mmefuta kwaya yangu murekodi kimya?" aliuliza. "Si hata hao wamama wanaongea kuliko nyinyi."

Mwalimu alizima redio. Alimuuliza Wakonyo kwa nini alikoma. Wakonyo akasema alikuwa anapanga. Akamuuliza na huko Nairobi ilikuwaje, na polepole, kama mtu anayetolewa mwiba, akasimulia. Mtahini alikuwa mzungu mzee mwenye mvi. Kwao kwa Ngige mtoto hamtazami mzee machoni, wala hajisifu mbele yake, na yule mzee alikuwa anamuuliza habari zake mwenyewe: wewe ni mtu wa namna gani, unapenda nini, unajivunia nini. Angesema nini bila kuonekana ana mdomo? Akajibu ndiyo, bwana. Hapana, bwana. Na pale palipokuwa na la kusema, alilipanga kwanza kichwani lisiwe na kosa, na alipomaliza kulipanga, mzee alikuwa amegeukia swali lingine.

"Nilikuwa nasikia ni kama niko darasani kwako, Mwalimu," alisema. Alisema kwa heshima, kama mtu anayetoa shukrani.

Siku hiyo alipokwenda zake, Mwalimu alibaki kitini. Alijaribu kitu ambacho hakuwahi kukijaribu: kukumbuka sauti ya Wakonyo, yule msichana wa darasa la nane. Mwandiko wake aliukumbuka, ule uliolala upande wa kulia. Sweta yake aliikumbuka, na kiti chake, safu ya pili ukutani. Sauti, hapana. Alitafuta asubuhi moja, jibu moja, hata "nipo" ya kuitwa majina. Hakuna. Ndipo likampiga. Binti wa Ngige hakusimama dirishani miaka miwili kwa sababu miaka miwili hakufungua mdomo. Alikuwa ameyasoma yale maneno juu ya ubao akayaamini kuliko wote, na mwalimu wake akamfanya mfano.

Mzee alilia. Siwezi kukuficha. Alilia kwa kitambaa, na Mama Emmy alipomuuliza akasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, akatoka kwenda kwa kuku.

Jumamosi iliyofuata Wakonyo alikuta vitabu vimeondolewa mezani. Mwalimu alimwambia leo hawasomi Kiingereza. Leo Wakonyo atamfundisha yeye Kikuyu. Wakonyo alidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, akamtazama Mama Emmy, na Mama Emmy akainua mabega. Sheria ni ile ile, mzee akasema, anayekosea anakwenda dirishani. Akanyoosha kidole kwenye dirisha la sebuleni.

Kikuyu cha Mwalimu kilikuwa cha sokoni Kitale, cha bei ya viazi na hujambo mama. Akajikaza. Alitaka kusema kwamba ng'ombe wake amezaa, na kwa jinsi alivyoyapanga maneno, akasema yeye ndiye amezaa. Wakonyo aliuma midomo.

"Nimekosea?"

"Hapana, Mwalimu."

"Wakonyo. Nimekosea?"

Wakonyo akapanga kwanza. "Kidogo."

Mzee akainuka. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu alipoanguka kwenye baiskeli miaka mingi nyuma, na lilipiga kelele alipokuwa akivuka sebule. Akasimama dirishani, akawapa mgongo. Kukiwa hakuna mawingu, pale alikuwa anauona mlima, ule ule Elgon wa darasani, ila sasa anauona kwa upande wa pili. Akakaa hapo. Wakonyo aliinuka, akaketi, akainuka tena. Hakuna mtu kwao aliyewahi kumwona mzee akiadhibiwa, tena kwa kosa lililotajwa na binti kama yeye. Akamwomba arudi aketi.

"Sheria unaijua," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Mpaka mwingine akosee. Na hapa mwingine ni wewe tu. Ongea Kiingereza."

Maskini Wakonyo! Alisema sentensi moja, safi. Mzee hakusogea. Akasema ya pili, akaipanga vizuri kwa mazoea, nayo ikawa safi, na lile goti likaanza kutetemeka ndani ya suruali, kila mtu analiona. Mama Emmy alikuja mlangoni, akasema kwa sauti ya kunong'ona isiyonong'ona kwamba daktari amemkataza kusimama sana. Wakonyo akaona hakuna muda wa kupanga. Akaanza tu. Akaongea juu ya nyumba ya baba yake, paa lake, mvua. Akaongea juu ya wodi. Akasimulia usiku ambapo mama mmoja kutoka Kachibora alileta mtoto ndani ya mfuko wa shule kwa sababu alikuwa mdogo kiasi hicho, na jinsi walivyomweka kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wakapokezana naye siku kumi na tisa, na siku aliyonyonya mwenyewe muuguzi mkuu akacheza korido nzima. Aliongea huku analia, huku anacheka, macho yake mgongoni kwa mzee, na mahali fulani kwenye siku ya kumi na tisa kitenzi kikamponyoka.

Mzee akageuka. Akaketi, akashusha pumzi kama aliyetua gunia.

"Asante," alisema. "Nilidhani nitafia pale."

Mama Emmy alipiga makofi. Wakonyo alifunika uso kwa sweta, na alipoufunua alikuwa anacheka, na Mwalimu akaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu darasa la saba.

Hivyo ndivyo walivyosoma mwisho wa Agosti hiyo na Septemba yote. Ah, zile Jumamosi! Mama Emmy anasema hakuna wakati nyumba ile ilikuwa na furaha kama ule. Karanga za kukaanga mezani, mzee akiua Kikuyu cha watu kwa moyo mmoja, akienda na kurudi dirishani, na Wakonyo akimkomboa kwa Kiingereza, kila wiki haraka kuliko iliyopita. Alijifunza kukosea na kuendelea, kama mtu anayejikwaa njiani na haachi safari. Alijifunza kumtazama mzee usoni, kwanza kidevu, halafu pua, mwishowe macho. Mwalimu naye alijifunza kuomba chumvi kwa Kikuyu, basi. Hakuendelea zaidi ya hapo.

Oktoba akaenda Nairobi. Siku ya matokeo alimpigia jirani wa Mwalimu mwenye simu, jirani akakimbia kupitia shamba la miwa akipiga kelele kabla hajafika. Kuongea, saba na nusu. Mzee aliingia chumbani akafunga mlango.

Mwanzoni mwa Desemba Wakonyo alikuja kuaga. Safari hii alileta mkate, sukari, na kanda mpya ya kwaya aliyoitafuta maduka yote ya Kitale kwa ajili ya Mama Emmy. Walikula kuku, mmoja wa wale kumi na wawili. Mwalimu alikuwa na swali lake, alilivumilia mpaka chai. Walimpa jambo gani la kuongea zile dakika mbili?

Wakonyo akaitazama meza, kama zamani. Akasema aliambiwa aeleze mtu aliyemfundisha.

Mzee akaweka kikombe chini. Akamuuliza alisema nini.

"Hiyo siwezi kukuambia, Mwalimu," alisema. "Si adabu kumsema mzee machoni pake."

Wote wawili walicheka, lakini hakusema. Alipoinuka kwenda, alitoa kanda kwenye mkoba, ile ile waliyoifuta mwanzo, aliyokuwa ameiazima kwa Mama Emmy, akaiweka kando ya redio. Akamshika Mwalimu mikono yote miwili, akamtazama machoni, akaenda.

Mzee alisubiri mpaka Wakonyo akavuka barabara. Kisha akatafuta kalamu nyekundu na karatasi, mazoea ni mazoea, akabonyeza redio. Sauti ya Wakonyo ikatoka kwa Kiingereza, ya haraka, ya mtu asiyepanga. Alisema atarudia yale aliyoyasema Nairobi, kwa kadiri anavyokumbuka. Alisema alikuwa na mwalimu mmoja kule kwao, mkali kuliko upepo, aliyemfundisha kunyamaza akiwa mtoto. Na kwamba alipokuwa mtu mzima alirudi kwake, na mwalimu huyo, mzee, goti bovu, akaenda mwenyewe kusimama mahali pa waliokosa, akamngojea. Alisema watu wengi walimfundisha kitu, lakini ni huyo mmoja tu aliyekubali kukosea mbele yake.

Hapo Mwalimu alisimamisha kanda. Aliweka kalamu chini. Akairudisha kanda mwanzo, akabonyeza tena, na kabla sauti haijatoka akainuka, akavuka sebule, akasimama dirishani na kuipa redio mgongo. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo.

Kosa la kwanza la Wakonyo lilikuja mapema, katika sentensi ya tatu, kosa dogo la wakati uliopita. Mwalimu alilisikia. Mama Emmy, aliyekuwa mlangoni na sahani za chai, alimwona akilisikia, maana bega lilicheza. Kwa sheria yake mwenyewe alikuwa huru kurudi kitini. Hakurudi. Lilikuja la pili, na la tatu, na goti likaanza kutetemeka, naye akabaki palepale mpaka Wakonyo akamaliza na kwaya ya akina mama ikaingia katikati ya wimbo.